Gurudumu Linapolia



Mwezi jana tuliagana katika mambo ya breki, nami nikaahidi kwamba safari hii tutaendelea na breki ya mkono. Naomba radhi, ahadi hiyo yangoja mpaka mwezi ujao, kwani zimefika barua tatu na zote zauliza neno moja: motokaa yavuma ikiwa mwendoni, fundi amesema ni matairi, matairi yamebadilishwa, na mvumo ungalipo. Mmoja wa walioandika ni mama wa watoto watano. Yeye aongeza kwamba bwana wake amekusudia kuwachukua wote safari ya mbali siku za sikukuu, na auliza kama yafaa kwenda hali mvumo wazidi kila juma. Jawabu lake nalitanguliza mbele ya maelezo yote: motokaa hiyo isitoke mjini mpaka ijulikane ni gurudumu gani linalolia, na kwa sababu gani.

Nasema kwa mkazo kwa kuwa maradhi haya yalipata kuingia nyumbani kwangu, nikayatibu vibaya mara mbili kabla ya kuyatibu vyema.

Motokaa yetu ilikuwa Toyota Corolla iliyoundwa mwaka 2004, ikaja kwetu Tanga imekwisha kutumika Japani, kama zilivyo nyingi katika nchi zetu. Mwanzo wa mwaka 2018 mama watoto alianza kuniambia kwamba asikia kitu. Yeye hukaa mbele upande wa kushoto, na mimi kwenye usukani upande wa kulia. "Baba watoto," akasema, "chini ya miguu yangu pana nyuki." Mimi sikusikia nyuki wala nzi. Nikamwambia ni matairi, nikanunua matairi mawili mapya, na kwa siku mbili tatu nikajidanganya kuwa nyuki wamehama.

Mwezi wa Juni mwaka huo tulikwenda Lushoto kumtazama mgonjwa wetu. Tulipopita Muheza nami nikaanza kusikia. Si sauti ya kugonga wala ya kukwaruza. Ni mvumo mzito unaopanda mwendo ukipanda na kushuka mwendo ukishuka, kama ndege ya mapangapanga iliyo mbali. Tulipofika Mombo tukaanza kuupanda mlima, na kila aijuaye njia ile ajua kwamba haina hata hatua mia zilizonyoka. Hapo ndipo mama watoto alipotoa neno ambalo lau ningelifahamu lingaliniokoa na khasara. Alisema, "Likikata kulia lalia, likikata kushoto lanyamaza."

Tuliporudi Tanga nikalichukua neno hilo kwa fundi mmoja. Fundi akacheka, akasema, "Basi mzee, kazi imekwisha. Lalia likikata kulia, ni gurudumu la kulia." Akalifungua la kulia, akatoa beringi kwa nyundo, akatia mpya kwa nyundo, akapokea fedha zake. Siku ile ile tulipotoka mjini nyuki walikuwa pale pale. Na baada ya miezi miwili upande wa kulia nao ukaanza kuvuma, beringi ingali mpya.

Aliyetutoa katika giza ni mzee mmoja ambaye kazi yake tangu ujanani ilikuwa malori. Hakugusa gari. Aliniuliza, "Wewe ukikata kona kwenda kulia kwa kasi, mwili wako waelekea wapi?" Nikasema waelekea kushoto, mpaka bega hugusa jirani. "Na uzito wa gari waelekea wapi?" Nikanyamaza. Gari likikata kulia, uzito wote hulalia magurudumu ya kushoto, na beringi iliyoharibika hulia inapobebeshwa mzigo. Likikata kushoto, mzigo huhamia kulia, na ile mbovu hupumzika na kunyamaza. Kwa hiyo mvumo unaozidi ukikata kulia wamshitaki wa kushoto, na unaozidi ukikata kushoto wamshitaki wa kulia. Mama watoto alikuwa amekaa juu ya gurudumu bovu lenyewe tangu siku ya kwanza.

Sasa na tutazame kitu chenyewe. Beringi ni mfano wa bangili mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na baina yao zimepangwa gololi, au rola, yaani vijiti vifupi vya duara. Bangili moja imeshikamana na mwili wa gari, ya pili imeshikamana na gurudumu, na zile gololi hufingirika katikati ili chuma kisisuguane na chuma. Ndani mna grisi, na kingo zake zina sili za mpira za kuizuia grisi isitoke na maji yasiingie. Wazo hili si la jana. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, huko Wales, alipewa hati ya uvumbuzi wa ekseli ya gari la farasi yenye gololi. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi katika mji wa St. Louis, Marekani, akapata hati ya beringi ya rola zilizo nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Kilichomshughulisha Timken ni jambo lile lile la njia ya Lushoto: gari likikata kona, gurudumu halibebi tu uzito utokao juu, bali husukumwa na kwa ubavuni.

Gololi na bangili zagusana mahali padogo mno, na uzito wa robo ya gari wapita hapo. Kwa hiyo uso wa chuma ukiharibika hata kidogo, chembe hubanduka, chembe ile husagwa na gololi inayofuata, shimo huwa kubwa, na kila gololi ipitayo juu ya shimo hutoa mshindo mdogo. Mishindo hiyo ikifuatana mara nyingi kwa kila nukta ndiyo mvumo tuusikiao. Tena haliponi. Wako wanaopiga grisi kwa nje wakitumai. Sauti yaweza kupungua siku chache, lakini shimo haliwezi kuzibwa kwa grisi.

Mwenye kosa la kwanza huwa maji. Habu ya gurudumu hupata moto katika mwendo, khususa breki zikitumika sana. Ikiingia ghafla katika dimbwi, hewa iliyomo ndani hupoa na kujikunyata, na hunyonya maji kupitia kingo za sili iliyochoka. Sisi wa pwani twaongeza chumvi juu yake. Na wale vijana waoshao magari kwa mpira wa maji ya nguvu, wakaulenga katikati ya gurudumu kwa kudhani wasafisha vizuri, wafanya kazi ile ile ya dimbwi kwa malipo. Kisha kuna mashimo ya barabarani na kingo za njia, ambazo pigo lake moja laweza kuacha alama ndani ya bangili. Kuna na rimu zilizotokezwa nje kwa ajili ya uzuri, zikamfanya mzigo uvute beringi kwa pembeni.

Na kuna mzigo wenyewe. Wahandisi wana kanuni juu ya beringi za gololi: umri wake hupungua kwa mzigo uliozidishwa kwa nafsi yake mara tatu. Maana yake, mzigo ukiwa mara mbili, umri hubaki sehemu moja ya nane. Tena huna haja ya kufika huko. Mzigo wa beringi ukizidi kwa robo tu, umri wake hupungua karibu nusu. Haya nimewahi kuyasema kwa watu wa harusi, wale waingiao tisa katika gari la watano pamoja na masufuria, nikaambiwa kwamba mimi ni mtu wa kuharibu shughuli.

Turudi kwa bibi aliyeandika, tumpe njia ya kuujua ukweli, mambo ambayo bwana wake aweza kuyafanya uwani pasipo kulipa mtu.

Kwanza asikilize. Katika njia iliyonyoka, tupu na salama, mvumo ukisikika, na aondoe mguu kwenye mafuta na kuacha gari liserereke. Mlio wa injini utashuka; mvumo ukibaki vile vile, hautoki katika injini. Kisha asikilize njia inapobadilika, kutoka lami mbaya kuingia lami laini. Mlio wa matairi hubadilika sana kwa uso wa njia, wa beringi haubadiliki illa kwa mwendo na kwa kona. Apitishe na kiganja juu ya kashata za tairi, kwenda mbele na kurudi nyuma: kikipita laini upande mmoja na kukwaruzwa upande wa pili kama kwa meno ya msumeno, tairi limeliwa vibaya na laweza kuvuma kama beringi hasa. Dawa ya shaka hiyo ni kuhamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Sauti ikihama pamoja nayo, ni matairi; ikibaki, si matairi. Mimi ningalifanya hivyo kwa nusu saa, ningalibaki na fedha za matairi mawili. Ama mlio wa tak-tak-tak usikikao gari likigeuka polepole, usukani umekatwa mpaka mwisho, huo ni wa viungo vya shafti za mbele, ni maradhi mengine.

Kisha ajaribu kona, kama alivyofanya mama watoto bila kukusudia. Katika uwanja mpana, mwendo wa wastani, ageuze usukani kidogo kulia na kidogo kushoto, akumbuke hesabu ya yule mzee wa malori.

Baada ya masikio huja mikono. Gari lisimame pahala sawa, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yasiyoinuliwa yawekewe mawe au magogo mbele na nyuma, kisha liinuliwe kwa jeki na kuwekewa stendi madhubuti. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Watoto waondolewe uwani kabla ya kazi kuanza. Shika tairi kwa mkono mmoja juu kabisa na mmoja chini kabisa, vuta huku ukisukuma kule. Likicheza, mwite mtu akanyage breki, ujaribu tena. Breki hufunga gurudumu na chuma chake pamoja. Kwa hiyo mchezo ukitoweka hali breki imekanyagwa, ulikuwa katika beringi, na ukibaki, tazama viungo vya chini vya gari, kwani navyo huchoka. Shika tena kwa kulia na kushoto: likicheza hivyo tu, wala si juu na chini, aghlabu kosa ni la viungo vya usukani.

Hapa yafaa nitoe onyo, kwani hapa ndipo wengi hupotea, hata mafundi. Gurudumu kutocheza si ushahidi kwamba ni zima. Katika magari ya siku hizi beringi huanza kuvuma muda mrefu kabla ya kulegea, na la kwangu halikucheza hata kidogo. Kwa hiyo lizungushe kwa mkono, na mkono wa pili uushike springi ya gurudumu hilo hilo. Beringi nzima huzunguka kimya, na springi haisemi kitu. Mbovu hutuma mtetemo, nawe utauhisi katika vidole kama mtu asagaye mtama chumba cha pili. Linganisha na upande mwenziwe. Mzee wetu alinishikisha springi ya kulia, kisha ya kushoto, wala hakuhitaji kuniambia kitu.

Ziko dalili nyingine zijazo mwishoni, ambazo mwenye kuziona asiendeshe tena: habu yenye joto kupita wenzake bila ya breki kubana, taa ya breki za ABS kuwaka, kwa sababu kipimo chake kimo karibu na beringi na chuma kimeanza kuyumba, na pedali ya breki kuzama zaidi katika mkanyago wa kwanza, kwa kuwa diski inayoyumba huzirudisha nyuma pedi zake. Kinachofuata hapo ni beringi kukwama au kusambaratika, na gurudumu laweza kuchomoka gari likiwa mwendoni. Ndiyo maana nikamjibu bibi yule kabla ya kumweleza.

Likijulikana gurudumu, tuje kwenye kubadilisha. Ziko namna mbili kubwa, nazo hazifanani.

Ya kwanza ni ya magari madogo mengi ya leo: beringi iliyofungwa moja kwa moja, haifunguliwi wala haitiwi grisi. Katika magari mengine huja pamoja na habu yake, ikafungwa kwa boliti nne, na fundi mwenye spana nzuri huimaliza kabla ya adhuhuri. Magurudumu ya nyuma ya Corolla yetu yalikuwa hivyo. Ya mbele sivyo. Beringi imeshindiliwa ndani ya chuma kizito kibebacho gurudumu, na habu imeshindiliwa ndani ya beringi. Kazi hii haifanywi uwani. Yahitaji mashine ya presi. Mwenye gari hana haja ya kuifanya mwenyewe, bali ana haja ya kukaa kwenye kigoda na kutazama mambo manne.

Tazama kwanza kwamba kalipa ya breki imetundikwa kwa waya, haikuachwa ining'inie kwa mpira wake, na kwamba boliti zinazounganisha chuma kile na shokapu zimetiwa alama kabla ya kufunguliwa, ili zirudi pale pale.

Tazama pili, na hili ndilo kubwa, nguvu ya presi yapita wapi. Beringi ikiingizwa katika chuma cha nje, isukumwe kwa bangili yake ya nje tu. Habu ikiingizwa katika beringi, bangili ya ndani ndiyo iegemezwe kwa chini. Akisukuma bangili isiyo yake, nguvu yote hupita katika gololi, nazo huacha vidimbwi katika njia yao, na beringi huwa imezeeka kabla ya kuvingirika mara moja. Nyundo hufanya hivyo hivyo. Sasa mwafahamu kwa nini upande wetu wa kulia, uliokuwa mzima, ulikufa kwa miezi miwili baada ya kutiwa kitu kipya. Fundi yule hakuwa mwizi. Alikuwa na nyundo.

Tatu, kama gari lina ABS, beringi nyingi zina upande mmoja wenye duara la sumaku, mweusi au wa rangi ya kahawia, nao ni lazima uelekee kwenye kipimo. Ikigeuzwa, gari litakwenda, lakini taa itawaka na ABS haitafanya kazi, na kazi yote itarudiwa kwa beringi nyingine, maana iliyotolewa kwa presi haifai kurudishwa.

Nne ni nati kubwa ya katikati. Hiyo si ya kuzuia gurudumu tu, bali ndiyo inayozibana bangili za ndani zikae sawasawa. Iwe mpya, ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha kitabu cha gari (la kwetu lilitaka nyuton-mita 216), kisha mdomo wake ugongwe uingie katika mfuo wa shafti usilegee. Na gari lisishushwe likabebeshwa uzito na kusukumwa kabla nati hiyo haijakazwa kamili, kwani hata mzunguko mmoja wa gurudumu juu ya beringi isiyobanwa waweza kuidhuru. Nimeona magari yakisukumwa gereji kutoka kona hii kwenda kona ile hali nati iko mfukoni mwa kijana aliyekwenda kula.

Namna ya pili ni ile ya Timken, yenye rola na koni, nayo ingali katika Land Rover za kale, katika Land Cruiser za kazi, na katika matela. Kwangu mimi hii ndiyo kazi ya kupendeza, kwa kuwa mtu mwangalifu aweza kuifanya kwa mikono yake. Kifuniko cha grisi hutolewa, pini iliyopinda hunyooshwa na kuchomolewa (Land Rover za kale zina nati mbili na washa ya kukunjwa baina yao), nati hufunguliwa, beringi ndogo ya nje hutoka, habu huvutwa, na nyuma yake mna sili na beringi kubwa ya ndani. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na ukaushe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Usiizungushe beringi kavu kwa upepo wa kompresa kwa kufurahia sauti yake. Mchezo huo umewahi kuwatia watu vyuma mwilini. Sasa tazama rola na kikombe chake mahali penye mwangaza. Uso mzima hung'aa kijivu sawasawa. Ukiona vishimo, kutu, au rangi ya buluu ya kuungua, umeipata.

Koni na kikombe ni mume na mke waliozeeka pamoja: ukibadilisha mmoja, badilisha na wa pili. Watu huacha kikombe cha zamani kwa kuwa kukitoa kwataka jasho, wakatia koni mpya juu yake, na baada ya muda mchache hurudi dukani wakilaumu duka. Kikombe hutolewa kwa kipande cha shaba na nyundo, ukigonga huku na kule kwa zamu kisikae upande. Kipya huingizwa vivyo hivyo mpaka sauti ya nyundo ibadilike ikawa nzito, ndiyo alama kwamba kimekaa.

Grisi ni ya beringi za magurudumu, ile iandikwayo namba 2, istahimiliyo joto la breki za diski, wala isichanganywe na ya zamani. Tia fungu katika kiganja cha kushoto, shika koni kwa mkono wa kulia, igandamize kwa upande wake mpana mpaka uone grisi yatokeza juu baina ya rola, kisha geuza kidogo uendelee mpaka uzunguke yote. Kupaka kwa nje kwa kidole si kutia grisi. Sili iwe mpya siku zote. Ni kitu cha bei ndogo, nacho ndicho mlinzi wa mlango.

Kukaza nati ya namna hii kwahitaji subira, na kama kitabu cha gari kimetoa kipimo, kifuatwe. Kwa tela na magari mengi ya kale njia ni hii: kaza huku ukilizungusha gurudumu ili rola zikae mahali pake, kisha legeza kabisa, kisha kaza kwa vidole tu. Kama tundu la pini halikulingana na mfuo wa nati, rudi nyuma kidogo, usiongeze. Pini iwe mpya. Wenye nguvu huona haya kuacha nati iliyokazwa kwa vidole, wakaongeza spana, na hapo huichoma beringi njiani, kwani rola za koni zilizobanwa hazina pa kutanuka zipatapo joto. Baada ya mwendo wa kilomita kiasi, gusa habu, ujaribu tena juu na chini.

Neno juu ya kununua. Beringi za mtumba, zilizotolewa katika magari yaliyovunjwa, mimi sizinunui, ijapokuwa spea nyingine za mtumba nimezitumia na zikanifaa. Hujui imepita katika maji gani, na ile ya kushindiliwa huumizwa katika kutolewa kwenyewe. Na mpya nazo zina za bandia, katika makasha mazuri. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, atakayekuandikia stakabadhi, na bei ikiwa chini mno kuliko ya wenzake, jiulize imeshukaje. Kampuni ya SKF ya Sweden ina programu ya simu, SKF Authenticate, ambayo mnunuzi hupiga picha ya beringi na kasha lake, akazipeleka zikaguliwe. Nayo ina kheri, maana ni bora kuliko kukagua kwa kutazama rangi ya kasha. Wala si lazima kubadilisha pande mbili kwa pamoja kama mmoja ni mzima, ingawa muuzaji atakushauri hivyo. Mimi nilibadilisha zote mbili kwa sababu ya ile nyundo.

Baada ya kazi, gari lipelekwe kupimwa magurudumu kama yamesimama sawa, ikiwa boliti za shokapu ziliguswa. Na nati za gurudumu zikazwe tena baada ya mwendo wa kilomita hamsini mpaka mia. Sisi tulilifanya hilo Segera, tulipokuwa twapanda tena kwenda Lushoto mwisho wa mwaka ule. Nikashuka na spana, nikazunguka magurudumu mawili ya mbele, na nati mbili za kushoto zikakubali kusogea kidogo. Nilipofunga mlango nikamtazama mama watoto nimwulize kama amesikia kitu tangu Tanga, nikamkuta amelala, na kwa hesabu yangu alilala tangu Muheza.

Bibi mwenye watoto watano na aniandikie mambo yalivyokwenda. Mwezi ujao, inshallah, breki ya mkono.